Kabla ya kulipa, daini michoro: barua ya wazi kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma

Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma (PPRA),
Dodoma.

YAH: KUONGEZA SHARTI LA MICHORO NA MWONGOZO WA MATENGENEZO KATIKA ZABUNI ZA VIFAA VYA KIELEKTRONIKI

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Mimi ni fundi wa vifaa vya umeme hapa Magomeni, Bagamoyo: simu, redio, televisheni, inveta za sola, na chochote chenye bodi ambacho mwenyewe ameshakata tamaa nacho. Naandika kuomba sharti moja liongezwe katika nyaraka sanifu za zabuni ambazo Mamlaka yako huziandaa. Taasisi ya umma inaponunua kifaa cha kielektroniki, mzabuni akabidhi pamoja nacho mchoro wa saketi, mwongozo wa matengenezo, orodha ya spea kwa namba zake, na nywila za kuingilia programu yake. Bila hivyo, hati ya kupokea mzigo isisainiwe. Na pale wazabuni wawili wanapokaribiana, aongezewe alama yule anayeleta kifaa cha chanzo huria, yaani kifaa ambacho michoro yake yote iko wazi, na yeyote anaruhusiwa kukitengeneza, kukiboresha na hata kukiuza.

Nakuandikia wewe, si Wizara ya Afya wala ya Elimu, kwa sababu wote hao hununua kwa kufuata karatasi zenu. Bohari ya Dawa, Wakala wa Huduma ya Ununuzi Serikalini (GPSA), halmashauri na mashirika ya umma, kila mmoja anapoandaa zabuni anaanzia kwenye nyaraka sanifu. Ukurasa mmoja ukibadilika Dodoma, umebadilika hadi kwenye ofisi ya kata.

Sheria ya Ununuzi wa Umma Namba 10 ya mwaka 2023 na mfumo wa ununuzi wa kielektroniki wa NeST vimefanya kazi kubwa mlangoni. Leo kikundi cha vijana wa Kiromo kinaiona zabuni saa ileile anayoiona mfanyabiashara wa Kariakoo, na taasisi haitakiwi kutaja chapa fulani katika mahitaji yake kwa nia ya kumbeba mtu. Huo ni ushindani, na mnastahili pongezi. Ila unaishia siku mzigo unaposhushwa. Kuanzia hapo kifaa kikiharibika, mwenye mwongozo ni mmoja, mwenye spea ni huyohuyo, na mwenye nywila ni yeye tena. Taasisi inarudi kwake kwa njia ya ununuzi kutoka kwa mzabuni mmoja, ile njia ambayo sheria inaitaka itumike kwa nadra na kwa sababu maalumu, na bei anapanga yeye. Chapa mliyoikataza kupita mlangoni imeingilia dirishani, na itakaa humo ndani miaka kumi.

Nitoe mfano ninaoujua kwa mikono yangu. Zahanati moja upande wa barabara ya kwenda Saadani ilifungiwa mfumo wa sola wa taa na friji. Kidhibiti chaji kikafa. Kikaletwa kwangu kimeviringishwa kwenye kanga. Skrubu zake zilikuwa za pembetatu, za aina ambayo bisibisi yake huipati dukani hapa mjini, kwa hiyo nikachonga ya kwangu kwa spoku ya baiskeli. Ndani, nusu ya bodi ilikuwa imemiminiwa gundi nyeusi iliyokauka kama jiwe. Nusu iliyobaki wazi ilikuwa imeota kutu ya kijani, maana huku kwetu kila kifaa kinapumua chumvi. Nikasugua kutu kwa spiriti na mswaki, nikapita na mita sehemu moja baada ya nyingine, nikamkuta mhalifu: transista moja ya nguvu, imeungua. Transista za jamii ile zinauzwa Kariakoo kwa bei ya sahani ya chipsi. Lakini namba yake ilikuwa imekwanguliwa kiwandani, makusudi, kwa msasa. Bila namba hujui inabeba volti ngapi wala ampea ngapi, na kubahatisha kwenye friji la chanjo si kazi ya mtu mwenye akili timamu. Simu ya msambazaji haikupatikana. Zahanati ikanunua kidhibiti kingine, cha kampuni nyingine, kilichofungwa vilevile.

Usije ukadhani hayo ni ya Bagamoyo peke yake. Mwaka 2011 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, Lora Perry na Robert Malkin, walichapisha hesabu waliyoikusanya kutoka nchi 16 zenye kipato kidogo: vifaa tiba 112,040, na asilimia 38.3 kati ya hivyo havikuwa vikifanya kazi. Miongoni mwa sababu kuu walizozitaja ni ukosefu wa mafunzo na ukosefu wa usimamizi wa vifaa vyenyewe. Sasa fundi atafunzwa kwa kitabu gani, ikiwa kitabu kimebaki kwa muuzaji?

Zamani haikuwa hivi. Wasomaji wa rika langu na walionitangulia watazikumbuka redio za National, za kiwanda ambacho Matsushita ya Japani ilikifungua Dar es Salaam miaka ya 1960. Redio nyingi za zama hizo, za kampuni mbalimbali, ukifungua kifuniko cha nyuma ulikuta mchoro wa saketi umebandikwa kwa ndani, karatasi imegeuka rangi ya chai. Mzee aliyenifundisha kazi hakukanyaga chuo chochote. Alijifunza elektroniki kwa kuifuata mistari ya michoro ile kwa kidole, kutoka kwenye antena mpaka kwenye spika. Mtengenezaji hakuona kwamba ameibiwa. Aliona kwamba redio inayotengenezeka Bagamoyo ni redio itakayonunuliwa Bagamoyo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naamini halijazungumzwa vya kutosha huko Dodoma, na liko hapahapa tunapoishi.

Taasisi ya Afya Ifakara ina kituo chake hapa mjini. Kinafahamika duniani kwa majaribio ya chanjo za malaria: RTS,S, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Oktoba 2021, na R21 iliyofuata Oktoba 2023. Ila wataalamu wa Ifakara, pamoja na karakana ya STICLab ya Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Bath cha Uingereza, wamefanya jingine ambalo halikupigiwa ngoma. Wameshiriki kuiendeleza hadubini ya chanzo huria iitwayo OpenFlexure.

Mtu asiyewahi kuingia maabara ya malaria huenda asielewe kwa nini hadubini ni habari kubwa. Mtaalamu hupaka damu kwenye kioo, huitia rangi ya Giemsa, hudondosha tone la mafuta, kisha huitazama kwa lenzi ya mara 100. Kabla ya kuandika kwamba hakuna kimelea, anatakiwa awe amepitia si chini ya maeneo 100 ya slaidi ile. Kila eneo analisogeza kwa mkono, anarekebisha fokasi kwa mkono, macho yamebana kwenye kioo. Foleni nje ina akina mama na watoto wenye homa. Ikifika alasiri, hata macho ya bingwa yanachoka. Hadubini inayojisogeza yenyewe, inayotafuta fokasi yenyewe na kupiga picha za maeneo yote hayo ili mtu azikague akiwa ameketi, ipo siku nyingi katika nchi za wenzetu, kwa bei ambayo hospitali ya wilaya haiwezi hata kuiuliza.

OpenFlexure inachapwa kwa plastiki kwenye printa ya 3D. Kiwiliwili chake kikubwa ni kipande kimoja, na hapo ndipo ufundi wake ulipo: jukwaa lake halipiti kwenye reli wala beringi. Linashikiliwa na miguu myembamba ya plastiki inayopinda. Mota ndogo, ya aina ileile inayogeuza mapezi ya kiyoyozi, inazungusha skrubu. Skrubu inasukuma mkono wa plastiki. Mkono unapinda kidogo, na jukwaa la slaidi linasogea kwa hatua iliyo ndogo kuliko sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Kimelea kichanga cha malaria kina upana wa kama sehemu mbili za elfu moja ya milimita, kwa hiyo hatua hizo zinatosha na kusaza. Kwa kuwa vinavyosuguana ni vichache, vinavyochakaa navyo ni vichache, na mguu ukikatika unachapa kiwiliwili kingine usiku, asubuhi unakifunga. Picha inapigwa na kamera ndogo ya kompyuta ya Raspberry Pi. Lenzi kuu inanunuliwa, ya kawaida ya maabara, maana lenzi nzuri haichapwi.

Ushirikishwaji wa Watanzania haukuwa ule wa semina na posho. STICLab walizijenga hata printa za 3D zenyewe kwa vipuri vilivyotolewa kwenye taka za kielektroniki. Bodi inayoziendesha mota za hadubini inaitwa Sangaboard, kwa jina la mhandisi wa Kitanzania Valerian Sanga aliyeshiriki kuibuni, na leo mtu wa nchi yoyote anayeijenga hadubini hii anaweza kuichukua michoro ya bodi hiyo bila kumwomba mtu ruhusa. Makala ya kisayansi iliyoieleza hadubini hiyo, katika jarida la Biomedical Optics Express mwaka 2020, ina majina ya Watanzania na Waingereza pamoja, na inasema zaidi ya hadubini 100 zilikwisha kutengenezwa Tanzania na Kenya. Mwaka huohuo kundi hilo lilichapisha makala nyingine nzima kuhusu ugumu wa kiufundi wa kukibuni kifaa kimoja Uingereza na Tanzania kwa wakati mmoja. Kwa fundi, hiyo ya pili ndiyo tamu zaidi. Skrubu inayopatikana Bath kwa siku mbili inaweza isipatikane Dar es Salaam kwa mwezi. Mbuni akilijua hilo mapema atachagua skrubu nyingine, na kifaa kitakuwa kingine kabisa. Asipolijua, atatuletea kifaa kizuri kitakachokufa kwa kukosa skrubu.

Mimi si mtu wa kuipamba. Plastiki yake, inayoitwa PLA, hulegea joto likifika kama nyuzi 60, kwa hiyo ukiisahau ndani ya gari lililofungwa juani hapa Bagamoyo mwezi wa pili, usishangae. Uzi wa kuchapia ukinyonya unyevu wa pwani unakuwa mwepesi wa kukatika na kazi inatoka na vishimo. Umeme ukikatika katikati ya kuchapa, mara nyingi unatupa na kuanza upya. Na chanzo huria chake hakijafika chini kabisa: bodi ya Raspberry Pi yenyewe haina michoro kamili ya wazi. Tena kuchapa hadubini hakuifanyi kuwa kifaa tiba. Mlango wa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, upo na lazima upitwe. Siombi njia ya mkato kwenye uhai wa mgonjwa. Ninachosema ni kwamba kasoro hizo zote ninaweza kukuorodheshea hapa, mimi fundi wa Magomeni, kwa sababu kifaa hakifichi kitu. Kasoro za kile kidhibiti chaji cha zahanati siwezi kukuorodheshea.

Hata ruhusa yake haina utata. Michoro imetolewa chini ya leseni ya wazi iliyoandaliwa na CERN, kituo cha Ulaya cha utafiti wa nyuklia kilichoko Geneva, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2011. Inasema, kwa kifupi: tengeneza, badili, uza, lakini ukiibadili na kuigawa, mabadiliko yako nayo yawe wazi. Wanasheria wako wataisoma kwa siku moja.

Kuna atakayesema kwamba michoro ya wazi na mafundi wa mtaani ni ndoto za watu wa karakana. Ndugu Mkurugenzi Mkuu, mbona Serikali ilishafanya? Mwishoni mwa mwaka 2021, kwa fedha za UVIKO-19, yalijengwa madarasa 15,000 nchi nzima, kila darasa shilingi milioni 20, kwa utaratibu wa force akaunti. Michoro ilitoka serikalini. Fundi alikuwa wa mtaani, anayejulikana nyumbani kwake. Kamati ya shule ilipokea saruji, ikahesabu mifuko, ikamwuliza fundi kwa nini ukuta umepinda. Ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za Serikali, zimeonesha kasoro nyingi za force akaunti, na ni vyema zilioneshwa. Lakini zilioneshwa kwa sababu kulikuwa na mchoro wa kulinganisha nao: nondo za unene gani, dirisha la upana gani, zege la mchanganyiko upi. Mkaguzi anaposimama mbele ya kifaa cha kielektroniki kilichofungwa kwa gundi, analinganisha na nini? Anahesabu tu kwamba kipo, anaandika namba ya mali kwa rangi nyeupe, anaondoka.

Tuseme basi kwamba darasa linaruhusiwa kuwa na mchoro unaosomwa na fundi wa kijiji, na inveta ya darasa hilohilo hairuhusiwi. Sababu ya tofauti hiyo sijaisikia kwa mtu yeyote.

Hapa ndipo linapoingia suala la asilimia 30. Sheria inazitaka taasisi zitenge kiasi hicho cha manunuzi yao kwa makundi maalumu: vijana, wanawake, wazee, watu wenye ulemavu. Ni jambo jema. Ila tazama wanachopewa. Mara nyingi ni usafi, chakula cha mikutano, fulana za sherehe, shajala. Kikundi cha vijana waliomaliza chuo cha ufundi cha VETA fani ya elektroniki hakiwezi kuomba zabuni ya taa za sola za shule za kata, kwa kuwa hakina kifaa cha kuuza. Kingelazimika kwanza kuwa wakala wa mtu mwingine. Kwa kifaa cha chanzo huria, kikundi hicho kinachukua michoro, kinatengeneza, kifaa chake kinapimwa na Shirika la Viwango (TBS), kisha kikundi kinaomba zabuni. Kikishindwa kwenye ubora, kimeshindwa kwa haki.

Uwezo wa kubuni upo. Kule Arusha, Bernard Kiwia, fundi baiskeli, alitengeneza chaja ya simu inayoendeshwa na gurudumu la baiskeli, kisha akashiriki kuanzisha Twende, kituo ambacho wanakijiji na wanafunzi wanabuni vitu vyao wenyewe kwa mikono yao. Na tangu 2019 tumekuwa tukiona kwenye mashindano ya ubunifu ya MAKISATU vijana wenye vifaa vya maana. Wanapewa cheti, wanapigwa picha na mgeni rasmi, wanarudi nyumbani. Wanachokikosa ni mnunuzi, na mnunuzi mkubwa kuliko wote katika nchi hii ni yule anayefuata nyaraka zenu.

Nayajua mapingamizi yatakayoletwa mezani kwako. La kwanza litakuwa kwamba wazabuni watakimbia au watapandisha bei. Ufaransa ilianza Januari 2021 kuwalazimisha wauzaji wa simu, kompyuta mpakato na televisheni kuonesha alama, kati ya kumi, ya jinsi kifaa kinavyotengenezeka, na upatikanaji wa nyaraka za ufundi na bei ya spea vilihesabiwa humo. Umoja wa Ulaya ukapitisha mwaka 2024 sheria ya kuwapa wanunuzi haki ya vifaa vyao kutengenezwa. Wazabuni hawakukimbia Paris. Kampuni kubwa zinazotuuzia sisi zinauza na huko, na karatasi ninazoziomba wanazo kabatini. Hazifiki Bagamoyo kwa kuwa hakuna aliyezidai.

La pili ni siri za biashara. Kwa kifaa kisicho cha chanzo huria siombi mchoro uchapishwe gazetini. Naomba ukabidhiwe kwa taasisi iliyolipa, utunzwe pamoja na mkataba, na fundi atakayeitwa kutengeneza auone. Siombi siri ya ndani ya aisi (IC). Hiyo hata nikipewa sina la kuifanyia. Naomba kujua ile aisi ni namba ngapi.

La tatu nitalisema mwenyewe kabla halijasemwa: mafundi wa mtaani wanaharibu vifaa. Ni kweli. Wapo wanaolehemu kwa chuma cha moto wa mkaa, wanaobadili betri ya litiamu kwa kuitoboa, wanaofungua simu nne na kuirudisha moja. Nakunywa nao kahawa, nawajua kwa majina. Lakini VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa watu waliojifunza kazi nje ya chuo, na cheti hicho kinaweza kuwa sharti la kugusa kifaa cha umma. Kumnyima kila mtu mwongozo kwa sababu baadhi hawajui kusoma ni kuwaadhibu wanaojua. Tena anayeharibu zaidi ni yule anayebahatisha, na anabahatisha kwa kuwa hana mchoro.

Kuhusu hofu ya wadukuzi nywila zikikabidhiwa, nitasema kidogo. Nywila inayofichwa na muuzaji wa ng'ambo haimlindi mwenye kifaa. Inamlinda muuzaji.

Kuna ununuzi mmoja ambao ukubwa wake unatosha kuwa somo. Kwa Sensa ya Agosti 2022 Serikali ilinunua vishikwambi zaidi ya 200,000, na baada ya kazi hiyo vikagawiwa, vingi vyao kwa walimu. Uamuzi wa kuvigawa ulikuwa wa busara, hakuna ubishi. Lakini betri ya litiamu haina udugu na mtu. Ikishachajiwa mara mia kadhaa inaanza kupungua, na baada ya miaka michache kifaa kizima kinakuwa kioo cha kukalia vumbi, kwa ajili ya betri na tundu la kuchajia, vitu viwili ambavyo fundi wa kawaida anavibadili akisikiliza taarifa ya habari. Kwa wingi ule, mkataba wenye kipengele kinachotaka betri ifunguke kwa skrubu badala ya gundi, na spea ziuzwe nchini kwa miaka saba, ungeajiri vijana katika kila wilaya. Ununuzi mwingine wa namna hiyo utakuja. Sensa zipo, uchaguzi upo, mitihani ipo.

Siombi mbadili kila kitu mara moja. Mngeanza na makundi matatu: vifaa vya sola vya zahanati na shule, vishikwambi, na hadubini za maabara za shule za sekondari. Hilo la tatu nalipendekeza kwa makusudi. Hadubini ya darasani haihitaji kusubiri ithibati ya kifaa tiba, mwanafunzi akiivunja anajifunza kuitengeneza, na michoro iliyopitia mikono ya Watanzania tayari ipo. Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu kule Kerege anaweza kutazama jani la mkoko kwa hadubini iliyochapwa umbali wa safari moja ya daladala.

Na jaribio hilo lifanyike huku pwani, kuanzia Mapinga hadi Saadani. Sisemi hivyo kwa kuvutia upande wangu, ingawa navutia pia. Chumvi, unyevu na umeme unaopanda na kushuka vitaonesha udhaifu wa kifaa ndani ya mwaka mmoja. Kinachodumu Mlingotini, ambako hata bawaba za milango zinaliwa, kitadumu Dodoma bila matatizo. Matokeo yaandikwe, na mafundi walioviona vikifa wahojiwe. Kwa kawaida anayehojiwa ni mkuu wa kituo, mtu ambaye hajawahi kukifungua.

Nimeandika sharti lenyewe kwa lugha ya karakana. Wanasheria wako watalinyoosha, lakini naomba wasilipunguze:

"Mzabuni atakabidhi, pamoja na kila aina ya kifaa, mchoro wa saketi, mwongozo wa kukifungua na kukitengeneza kwa Kiswahili au Kiingereza, orodha ya vipuri vyote kwa namba zake za kiwandani, na nywila zote za programu. Namba za vipuri katika bodi hazitafutwa. Kifaa kitafunguka kwa bisibisi ya kawaida. Vipuri vinavyochakaa, zikiwemo betri, vitapatikana nchini kwa miaka saba tangu kupokewa. Malipo ya mwisho hayatafanyika kabla fundi aliyeteuliwa na taasisi, asiye mwajiriwa wa mzabuni, hajakifungua kifaa kimoja kwa kufuata mwongozo huo, akakifunga tena, na kikawaka."

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Fundi wa vifaa vya umeme,
Magomeni, Bagamoyo.

Nakala: Bohari ya Dawa, Wakala wa Huduma ya Ununuzi Serikalini (GPSA), Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), Mkurugenzi Mtendaji, Halmashauri ya Wilaya ya Bagamoyo.